Kuanza kazi ya udijei: kifaa gani ununue, na kipi ukodi

Katika kaunti yetu, kuanzia Mtwapa hadi Malindi na kwenda bara hadi Mariakani na Ganze, ni nadra wikendi kupita bila shughuli inayohitaji muziki. Kuna harusi, sherehe za kuzaliwa, mahafali, mikutano ya vyama, uzinduzi wa maduka na burudani za hotelini. Ndiyo maana vijana wengi, wa kike kwa wa kiume, hutamani kuwa madijei. Swali lao la kwanza huwa lilelile: nianze kwa kununua nini?

Jibu la swali hilo lina uzito kwa familia nzima. Mara nyingi pesa ya vifaa hutoka kwa mifugo iliyouzwa, akiba ya mzazi au mkopo. Kijana akinunua spika kubwa kabla hajajua kuunganisha nyimbo mbili, spika hukaa ndani zikishika vumbi na mkopo unaendelea kudaiwa. Makala haya yanaeleza kazi ya kila kifaa, programu zilizopo, mambo ya kuangalia dukani, na sheria zinazomhusu anayepiga muziki hadharani. Kanuni ya kukumbuka ni hii: nunua kile utakachofanyia mazoezi kila siku, na ukodi kile unachohitaji siku ya kazi peke yake. Majina ya bidhaa yametajwa ili msomaji ajue la kuuliza dukani, si kwa kuyatangaza.

Njia ambayo sauti hupita

Kabla ya kununua chochote, elewa safari ya sauti. Wimbo huhifadhiwa kwenye laptopu au flashi. Programu ya udijei huufungua na kuucheza. Kontrola, yaani ubao wenye magurudumu mawili, vitelezi na vibonyezo, humwezesha dijei kuiongoza programu kwa mikono badala ya kipanya. Kutoka kwenye kontrola, sauti hugawanyika njia mbili. Njia ya kwanza huenda kwenye spika, ambako wageni wanasikia. Ya pili huenda kwenye hedifoni, ambako dijei peke yake anausikia wimbo unaofuata na kuuandaa.

Kugawanyika huko ndiko kiini cha kazi. Mtu anayecheza nyimbo moja baada ya nyingine kwenye simu hana njia ya kuusikia wimbo unaofuata kabla haujawafikia wageni. Hivyo, unapokagua kifaa chochote, jiulize kwanza: je, kitaniwezesha kusikiliza wimbo mmoja kwenye hedifoni huku mwingine ukitoka kwenye spika?

Mwezi wa kwanza usiogharimu kitu

Ukiwa na laptopu, au ukipata ya kuazima kwa saa chache kila wiki, unaweza kuanza bila kununua kontrola. Pakua programu ya bure na ujifunze mambo manne.

La kwanza ni kuhesabu mapigo. Hesabu mapigo ya wimbo kwa sekunde 15, kisha zidisha mara 4 upate mapigo kwa dakika. Nyimbo nyingi za amapiano huwa na mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, na za house 120 hadi 128. Ukijua kasi ya wimbo, utajua ni wimbo gani unaweza kuufuata.

La pili ni kulinganisha mapigo, yaani kuongeza au kupunguza kasi ya wimbo mmoja hadi uende sambamba na mwingine. Programu zina kibonyezo cha kufanya hivyo zenyewe, lakini jifunze kwa sikio pia. Programu hukosea mara kwa mara inapopewa nyimbo zilizopigwa na ngoma za mkono au bendi, ambazo kasi yake hupanda na kushuka.

La tatu ni kujua mahali pa kuingilia. Muziki mwingi wa dansi hupangwa kwa mafungu ya mapigo 8, 16 au 32. Wimbo mpya ukiingia mwanzoni mwa fungu, wachezaji hawatahisi wamekatizwa.

La nne ni kupanga maktaba. Weka nyimbo katika mafungu kulingana na shughuli: za kuingia kwa bibi harusi, za wakati wa chakula, za wazee, za vijana, za injili. Dijei anayejua nyimbo zake ziko wapi anaweza kumtimizia mgeni ombi lake bila kuchelewa.

Baada ya mwezi mmoja wa mazoezi haya utajua kama kazi inakufaa. Ukiona haikufai, hujapoteza kitu.

Uchague programu gani?

Mixxx ni programu ya bure kabisa, na unaweza kuitumia hata kwa kazi ya kulipwa. Inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux, na inatambua kontrola nyingi. Haichezi video. Kwa anayeanza na mfuko mdogo, hii ni pa kuanzia pazuri.

VirtualDJ ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani, lakini kazi ya kulipwa inahitaji leseni ya kununua. Nguvu yake ni video na karaoke. Ikiwa wateja wako wanataka wimbo na picha yake kwenye skrini, fikiria programu hii.

Serato ina toleo dogo la bure, Serato DJ Lite, na toleo kamili la kulipia, Serato DJ Pro. Kontrola nyingi za wanaoanza huja zikiwa tayari kufanya kazi na lile dogo.

Rekordbox inatoka kwa watengenezaji wa vifaa vya Pioneer DJ. Baadhi ya kontrola zao hufungua uwezo wa kucheza bila kulipia kila mwezi. Faida nyingine ni kwamba kwenye majukwaa makubwa na klabu nyingi utakuta mashine za CDJ za kampuni hiyohiyo. Ukizipanga nyimbo zako nyumbani kwa rekordbox na kuziweka kwenye flashi, unaweza kufika ukiwa na flashi mbili na hedifoni tu.

Kwa wenye simu au tableti peke yake, kuna djay, ambayo hufanya kazi kwenye Android na iPhone. Inatosha kujifunzia, ingawa skrini ndogo huchosha kazini.

Jihadhari na nakala za programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, zinazouzwa kwa bei ya soda au kugawanywa kwa flashi. Mara nyingi hubeba virusi, hukataa kusasishwa, na zinaweza kuzimika katikati ya harusi. Tena kuzitumia ni kuvunja sheria ya hakimiliki. Programu ya bure iliyo halali ni bora kuliko ya bei kubwa iliyoibwa.

Kontrola: mambo matano ya kuangalia

Anayeanza anatosheka na kontrola ya chaneli mbili. Zile za chaneli nne ni ghali zaidi, ni nzito zaidi, na kwa miaka ya kwanza chaneli mbili za ziada hazitaguswa. Mifano ya za chaneli mbili ni Pioneer DJ DDJ-FLX4, jamii ya Numark Mixtrack na jamii ya Hercules DJControl Inpulse. Kabla ya kulipa, angalia mambo haya.

Kadi ya sauti. Kontrola nyingi zina kadi ya sauti ndani, na ndiyo inayogawa sauti ya spika na ya hedifoni. Baadhi ya zile ndogo kabisa, kama Pioneer DJ DDJ-200, hazina, na hulazimu kutumia waya wa kugawa sauti. Muulize muuzaji wazi: ina kadi ya sauti ndani?

Matundu ya kutoa sauti. Kontrola ndogo nyingi hutoa sauti kwa matundu ya RCA, yale mawili ya duara, jekundu na jeupe. Spika za shughuli hupokea plagi kubwa ya jeki au ya XLR yenye pini tatu. Maana yake unahitaji waya wa RCA kwenda jeki. Waya huo ni wa bei nafuu, lakini ukiusahau hakuna muziki siku hiyo.

Tundu la maikrofoni. Katika harusi na mahafali mshereheshaji atataka kuzungumza. Kama kontrola haina tundu la maikrofoni, utahitaji mixa ndogo pembeni, au spika yenye tundu lake.

Programu inayofuatana nayo. Uliza ni programu gani kontrola inafungua bila malipo, na ni ipi utalipia. Kontrola ya bei ndogo inayodai programu ya kulipia kila mwezi inaweza kuwa ghali kuliko ile ya bei ya juu kidogo.

Namna inavyopata nguvu. Kontrola nyingi ndogo hupata nguvu kutoka kwenye laptopu kwa waya wa USB. Hii ina faida kwetu: stima ikipotea, laptopu yenye betri nzuri na kontrola yake vitaendelea kuwaka. Jenereta ikiwashwa, wimbo bado uko ulipokuwa.

Laptopu

Laptopu si lazima iwe mpya, lakini iwe na RAM ya GB 8 au zaidi na diski ya SSD. Diski za zamani zinazozunguka hazipendi mtikisiko wa spika, na huchelewa kufungua nyimbo. Hesabu matundu ya USB: moja la kontrola na jingine la flashi. Kagua betri kwa kuitumia bila chaja mbele ya muuzaji. Kumbuka pia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ukinunua laptopu iliyotumika, uliza kama inaweza kupokea Windows 11. Ikiwa haiwezi, Linux pamoja na Mixxx ni njia nyingine isiyogharimu.

Siku ya kazi, zima intaneti, zima sasisho za kompyuta, na funga programu nyingine zote. Muziki unaokatikakatika husababishwa mara nyingi na kompyuta inayofanya shughuli nyingine kwa siri.

Hedifoni na waya

Chagua hedifoni za waya, zinazofunika sikio zima. Zinazofunika huzuia kelele za ukumbi zisikufikie. Waya una sababu yake. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, yaani sehemu ya tano ya pigo, au hata zaidi ya hapo. Huwezi kulinganisha mapigo kwa sauti inayokufikia imechelewa.

Waya nao ununue wenye plagi imara, na uwe na wa akiba kwa kila aina. Katika shughuli nyingi, kinachoharibika kwanza ni waya.

Spika: kodi kwanza

Kwa mazoezi ya nyumbani hauhitaji spika za shughuli. Hedifoni zinatosha, na sabufa ya nyumbani kwa sauti ya chini inatosha pia. Kwa kazi za mwanzo, kodi spika kutoka kwa mtu wa karibu mwenye vifaa vya sherehe. Utajifunza ni ukubwa gani unafaa ukumbi gani kabla hujatoa pesa yako.

Ukifika wakati wa kununua, usidanganywe na namba zilizoandikwa kwenye kasha. Spika inaweza kuandikwa wati maelfu, lakini namba hiyo ni ya kilele cha mpigo wa kufumba na kufumbua. Tafuta namba ya RMS, ambayo ni nguvu inayoweza kudumu. Kumbuka pia kwamba kuongeza wati mara mbili hakufanyi sauti iwe kubwa mara mbili. Spika ya wati 1,000 iliyotengenezwa sawa na ya wati 500 huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini si kubwa. Kinachosaidia zaidi ni kuzipanga vizuri: juu ya stendi, zikielekea wageni, mbali na ukuta ulio wazi kwa majirani.

Stima, chumvi na vumbi

Tundu la ukutani lenye plagi ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000. Usiunganishe spika, jokofu la vinywaji na taa za jukwaa kwenye ekstensheni moja. Jenereta ndogo hupandisha na kushusha stima, hivyo weka kifaa cha kulinda stima kati yake na vifaa vyako. Ukiwasha, spika ziwe za mwisho; ukizima, ziwe za kwanza. Utaepuka ule mshindo unaopasua spika.

Kandokando ya bahari, upepo hubeba chumvi inayokula matundu na vitelezi. Bara, vumbi hufanya kazi hiyohiyo. Funika kontrola isipotumika, ifute kwa kitambaa kikavu baada ya kila kazi, ihifadhi kwenye mkoba uliofungwa vizuri, na usiiache ndani ya gari juani.

Hesabu kabla ya kukopa

Chukua mfano huu, kisha weka bei za kwenu mahali pake. Tuseme laptopu ipo nyumbani, na kontrola, hedifoni na nyaya zimegharimu jumla ya Sh48,000. Kazi moja inakulipa Sh7,000. Unakodi spika kwa Sh3,000 na kutumia Sh1,000 kwa usafiri. Unabaki na Sh3,000. Utahitaji kazi 16 ili vifaa vijilipe. Ukipata kazi mbili kwa mwezi, hiyo ni miezi minane.

Sasa tuseme ungenunua spika za Sh90,000 badala ya kuzikodi. Ungeokoa Sh3,000 kila kazi, kwa hiyo ungehitaji kazi 30 kurudisha pesa ya spika peke yake, na usafiri wake ungekuwa wa pikapu, si wa tuktuk. Mtu mwenye kazi nane kwa mwezi atazirudisha upesi. Mwenye kazi mbili atangoja mwaka mmoja na miezi mitatu.

Hesabu hii pia inaonyesha mkopo gani unafaa. Mkopo wa kibinafsi wa Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ni wa kati ya Sh500 na Sh50,000, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na hulipwa ndani ya siku 14. Katika siku 14, dijei wa mfano wetu atakuwa amefanya kazi moja na kubaki na Sh3,000. Mkopo wa aina hiyo unaweza kufaa kukodi spika kwa kazi ambayo tayari imelipiwa arubuni, lakini haufai kununua kontrola. Hali ni hiyohiyo kwa mikopo ya haraka ya simu. Kununua kwa pamoja ni njia nyingine: marafiki watatu wanaweza kuchangia kontrola moja, wapeane zamu za mazoezi, na kuandika makubaliano yao ili kusitokee ugomvi baadaye.

Vifaa vilivyotumika

Kontrola iliyotumika inaweza kukuokolea pesa nyingi ukiikagua. Iunganishe na laptopu papo hapo. Sukuma kila kitelezi polepole na usikilize kama kuna mkwaruzo au sauti inayokatika. Zungusha magurudumu yote mawili. Bonyeza kila kibonyezo. Chomeka hedifoni na utikise plagi. Jaribu matundu ya spika, kulia na kushoto. Hakikisha pia kwamba mtengenezaji bado anatoa programu ya kuitambulisha kwenye kompyuta za sasa.

Dai risiti yenye namba ya kifaa, na nakala ya risiti ya kwanza ikiwezekana. Chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, anayepatikana na hatia ya kushughulika na mali ya wizi anaweza kufungwa hadi miaka 14. Bei inayoshangaza kwa urahisi wake ni sababu ya kuuliza maswali zaidi. Usitume pesa kwa simu kwa muuzaji wa mtandaoni kabla hujakiona kifaa na kukijaribu.

Nyimbo na hakimiliki

Ubora wa sauti huanza na faili ya wimbo. Faili ya MP3 ya kiwango cha 320 huchukua takriban MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo nyimbo 1,000 za dakika nne zinaenea kwenye nafasi ya GB 10. Flashi ya kawaida inatosha. Faili iliyokamuliwa kutoka video za mtandaoni husikika vizuri kwenye simu, lakini kwenye spika kubwa besi hulegea na sauti za juu huchoma masikio. Nunua nyimbo kwenye maduka halali ya mtandaoni, au waombe wasanii wa hapa kwetu faili zao. Wengi hufurahi kupigwa. Programu za kusikiliza muziki kwa usajili wa kibinafsi haziruhusu kupiga hadharani. Weka nakala ya maktaba yako mahali pawili.

Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kupiga muziki uliorekodiwa hadharani kunahitaji leseni. Leseni hizo hutolewa na mashirika ya kukusanya mirabaha, ambayo nayo hupewa idhini na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Kabla ya kulipa ada yoyote, hakikisha kupitia KECOBO kwamba shirika linalodai lina idhini ya mwaka huo. Mkubaliane na mwenye ukumbi au mwenye sherehe nani atalipa, na myaandike.

Kelele, watoto na masikio yako

Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira, zinaweka usiku kuanzia saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nje ya makazi, kiwango cha juu ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufika karibu desibeli 60. Kwa hivyo muziki wowote wa sherehe ya nje usiku utavuka kiwango hicho, na anayeupanga anatakiwa kuomba kibali mapema. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele na burudani za umma, kwa hiyo anza kuulizia kwenye afisi ya mazingira ya kaunti. Dijei akifika kazini, aombe kukiona kibali. Kikikosekana, vifaa vinavyoweza kunaswa ni vyake.

Disko matanga si kazi ya kuanzia wala ya kumalizia. Maafisa wa utawala wamezipiga marufuku hapa Kilifi kwa sababu wasichana wadogo hudhuriwa katika mikesha hiyo, na mimba za mapema zimehusishwa nazo. Dijei anayekubali kazi hiyo kwa malipo ya usiku mmoja anahatarisha watoto wa majirani zake, pamoja na vifaa alivyohangaikia kwa miezi.

Yalinde pia masikio yako, kwa kuwa hayana dukani pa kununuliwa. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni kwamba sikio huvumilia desibeli 85 kwa saa nane, na kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hupungua kwa nusu. Kwenye desibeli 100 muda huo ni dakika 15. Tumia vizibo vya masikio, usisimame mbele ya spika, na ukitoka kazini masikio yakilia, yape siku ya kupumzika.

Kabla ya kutoa pesa

Jibu maswali haya sita. Nimefanya mazoezi kwa mwezi mzima kwa programu ya bure? Kontrola hii ina kadi ya sauti na matundu ninayohitaji? Programu yake nitailipia au la? Laptopu yangu inaweza kuibeba? Ni kazi ngapi zitalipia kifaa hiki, na nitazipata kwa muda gani? Nani atanikodishia spika, na kwa bei gani?

Ukiwa na majibu yote, nenda dukani. Ukikosa hata moja, subiri na uendelee na mazoezi, kwa maana programu ya bure bado iko. Kwa ushauri kuhusu leseni ya biashara, vibali vya shughuli na makundi ya vijana, fika kwenye afisi ya msimamizi wa wadi yako. Uliza pia kwenye chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu nawe kama kuna kozi ya umeme au kompyuta. Dijei anayejua kutengeneza waya wake mwenyewe hatakwama harusini.